Mbuzi Hawezi Kuwa Pito na Malangali kwa Pamoja

Jumatano. Upepo wa leo unapenya mpaka kwenye meno, na meno yenyewe yamebaki machache. Nimevaa makoti mawili. Ila baridi iliyoko humu ndani haikuletwa na upepo.

Mjukuu wangu Anastazia ananiamkia, "Shikamoo babu," basi, anapita. Msichana huyu tangu mdogo ananiita mchumba, anausema vibaya upara wangu mbele ya wageni, kama mjukuu anavyopaswa. Sasa ananiheshimu. Sijawahi kupewa adhabu kali namna hii.

Nastahili.

Amemaliza chuo, kasomea fizikia, anasubiri kazi. Likizo hii alikusanya wanafunzi wa sekondari akawa anawafundisha kwenye ghala langu la mahindi hapa Malangali. Mkuu wa shule moja ya mjini alimwahidi kwamba akiona darasa hilo linakwenda, Januari atamchukua.

Wiki iliyopita tulikuwa tunapukuchua mahindi, nikamwomba anieleze walichomfundisha huko, mimi niliyeishia darasa la nne. Akasema chembe ndogo kama elektroni, ikiachwa peke yake, inaweza kuwa katika hali mbili kwa pamoja, huku na kule. Nikauliza, je, mbuzi wangu? Akasema mbuzi hawezi kuwa kule mtaa wa Pito na hapa Malangali kwa pamoja, maana hewa inamgusa, mwanga unamgusa, joto linamtoka, na kila kinachomgusa kinaondoka na habari za alipo. Habari zikishasambaa hazikusanyiki tena, na zile hali mbili hazichanganyiki tena. Jina la kitaalamu la jambo hilo lilinishinda ulimi.

"Kwa hiyo ni umbea," nikasema.

Akacheka mpaka gunzi likamdondoka. "Haya mchumba, tuseme umbea."

Ningeishia hapo.

Jumamosi nikaenda kilabuni. Chungu cha pombe ya ulezi katikati, maji moto yanaongezwa, kila mtu na mrija wake, na wazee wenzangu wanataka kichekesho. Nikawapa. Nikasema mjukuu wangu kasomeshwa miaka mitatu ajifunze kuwa Pito na Malangali kwa wakati mmoja, jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila cheti. Nikaongeza kwamba sasa anawafundisha watoto ghalani, na wakifaulu hawatapanda basi tena.

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa.

Habari ya mbuzi niliiruka. Nilijua kabisa aliniambia haiwezekani, lakini haiwezekani haichekeshi.

Na hayo niliyasema Sumbawanga, mji ambao ukiutaja ugenini kuwa ndiko kwenu, mtu anasogeza kiti kwa kuogopa uchawi. Sisi wenyewe tunalifanyia utani jambo hilo, ila kila mmoja akifika nyumbani anafunga mlango vizuri. Jumapili baada ya misa akina mama walisimama vikundi vikundi. Jumatatu ghalani yalibaki mabenchi tu. Jana mkuu wa shule akapiga simu kwamba Anastazia asubiri kwanza, mambo yatulie.

Anastazia hakunipandishia sauti. Aliniuliza tu, "Babu, na ya mbuzi uliwaambia?"



Tangu hapo natafuta pa kujificha, na nimejificha kwenye masomo yake mwenyewe. Aliniambia wasomi wanakubaliana hesabu, wanagombania maana. Kundi moja linasema hakuna jibu mpaka mtu apime; likishapatikana moja, mengine yametoweka. Nikajitetea: mimi nilirusha neno tu, walioligeuza uchawi ni waliolisikia. Kundi la pili linasema yote hutokea, kila moja na ulimwengu wake. Hilo nililipenda sana. Basi iko Malangali nyingine ambako mzee mmoja alinyonya mrija wake akanyamaza, na ghala lake limejaa watoto. Kundi la tatu linasema chembe ina njia yake tangu mwanzo, inaongozwa na wimbi tusiloliona. Kumbe hata ulimi wangu uliongozwa.

Tatizo, alimalizia kwa kusema kwamba kwenye vipimo makundi hayo matatu yanatoa jibu lile lile.

Nami nimepima. Leo asubuhi nimelifungua ghala kwa kila utetezi nilionao. Mabenchi ni matupu yale yale.

Mchana nikajikokota mpaka kwa Mama Oliva, ambaye alikuwa wa kwanza kumtoa binti yake. Nikamwambia wazi nilidanganya, mtoto alisema kinyume kabisa. Nikamweleza na mbuzi. Alisikiliza huku anapepeta ulezi.

"Baba, maisha yako yote unatutania," akasema. "Nitajuaje kama leo ndiyo hutanii?"

Nilitafuta la kuchekesha, nikalikosa. Nadhani hilo ndilo lililomlainisha kidogo.

"Kaa wewe benchi la mbele," akasema. "Ukae usome kama wao, toka asubuhi mpaka mchana, bila neno. Nitapita nione. Nikikukuta umenyamaza, Oliva atarudi, na wenzangu nitawaambia mimi."

Toka asubuhi mpaka mchana. Hata kanisani sijawahi kufika nusu ya hapo. Na sijui kama Anastazia atakubali kunifundisha, baada ya yale niliyoyafanya na somo la kwanza.

Namsikia jikoni anaosha vyombo. Ngoja nikamwombe mwalimu nafasi.