Neno Moja Nililoliacha Kanisani

Jumatatu. Mvua imenyesha hapa Tukuyu tangu alfajiri, na ukungu haukuondoka hadi mchana.

Mama Tusekile amepata kiharusi.

Nilikuwa darasani saa nne, binti yake Tusekile aliponipigia. Alisema mama ameanguka shambani kwao Masoko akikata ndizi, wamemleta hospitali huku mjini, na ananitaja mimi. Sikushangaa. Tunaimba naye kwaya, na tangu nihamie huku kufundisha ananiita mwanangu. Nikaomba ruhusa kwa mkuu wa shule, nikaenda.

Nilimkuta mdomo umepinda, mkono wa kulia umelala tu kama si wake. Nesi alikuwa ameshika kadi yake ya kliniki ya presha, akauliza kama dawa anameza. Tusekile akafungua mkoba wa mama yake, akatoa pakiti za vidonge. Zilikuwa hazijaguswa.

"Mama, uliacha lini?" nesi akamuuliza.

Akajibu polepole, maneno yakimkwama. "Tangu ushuhuda wa Mwalimu."

Mwalimu ni mimi.

Alinitazama bila lawama yoyote. Hilo ndilo lililonimaliza.

Niuandike ukweli hapa, maana sijawahi kuuandika popote. Jumapili moja mwezi uliopita nilisimama kanisani nikasema Bwana amenigusa, presha yangu imeshuka. Na kweli imeshuka. Imeshuka kwa maombi, na kwa kidonge ninachomeza kila asubuhi. Hata asubuhi ile nilikimeza kabla ya kwenda ibadani. Lakini aliyenitangulia alikuwa ametoa ushuhuda mzito, watu walilia, nikaona wangu mdogo. Basi nikaacha neno moja tu. Dawa. Watu walipopiga makofi nilijiambia sijadanganya, nimefupisha.

Na watoto wa shule ya Jumapili nawafundisha mimi kusema kweli.

Nikapiga magoti pale kando ya kitanda. Nikamwambia, "Mama, mimi sijaacha dawa. Hata leo nimemeza."

Akasema, "Sasa mbona hukusema, mwanangu?"

Niliinamisha kichwa kwenye shuka lake.

Tusekile hajawahi kunipandishia sauti, na leo pia hakuipandisha. "Mwalimu, naomba utoke kwanza," alisema. Nikatoka, nikasimama barazani na mvua inanirukia.

Daktari anasema mama ataishi. Kuhusu mkono, haahidi kitu.

Nilimpigia mchungaji, nikamweleza yote. Akanishauri nisubiri ibada ya Jumapili, niseme taratibu, tusije tukawavunja watu moyo. Nikamwambia mtu mwingine anaweza kuanguka kabla ya Jumapili. Akasema, "Basi sema leo."

Jioni nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Nilirekodi mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza nilijikuta najitetea. Nilisema nameza dawa kila siku, kwamba siku ile niliwaficha, na kwamba yeyote aliyeacha dawa zake kwa ajili yangu arudi hospitali.

Wengi walisikiliza, hakuna aliyejibu. Kisha simu ikaita. Alikuwa Mzee Ambakisye wa Masukulu, mzee wa kanisa letu. Nikamwamkia. Akaitikia, akakohoa.

"Mwalimu, na mimi za sukari nilizitupa wiki ile ile."

Nikamuuliza miguu yake ikoje. Akasema mmoja una kidonda, hajamwonyesha mtu.

Tumekubaliana asubuhi nitamfuata, twende wote hospitali. Nikitoka huko nitaanza kupita nyumba kwa nyumba, kwa sababu siku ile kanisa lilijaa, na nusu ya wale wazee hawana simu.

Wako wangapi, Bwana?