Baba Spana Anasema Sijamjibu, na Mimi Nimemjibu Kila Jumamosi

Dada Tumwagile wa gazetini, shikamoo, na kama mimi ndiye mkubwa basi niitikie tu kimoyomoyo, maana sikuoni na picha yako wanayoiweka hapo juu ni ndogo. Mimi ni mjane wa makamo, naishi Msowero, nalima nyanya na vitunguu na kuuza pale Dumila stendi, watoto wangu wamekua na wana kwao isipokuwa huyu wa mwisho, Happyness, na leo nakuandikia nikiwa na hasira, lakini ukisoma mpaka mwisho utaona ni hasira ya mtu aliyeumia. Jina langu nililobatizwa naomba ulifiche, ila hili la redioni, Mama Hajachoka, siwezi kulificha kwa sababu bonde zima wanalijua na ndilo lililoniponza.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye salamu. Redio yetu ya huku, jina lake naliacha, ilikuwa na kipindi cha salamu kila Jumamosi alasiri, unatuma ujumbe, mtangazaji anausoma, unaomba wimbo, na sisi watu wa salamu tunajuana kwa majina ya kujipachika, sasa kulikuwa na mmoja anajiita Baba Spana wa Mikumi, fundi wa matairi ya malori pale barabarani, mgane, hilo alilisema mwenyewe hewani, na yeye akaanza kunisalimu mimi, au labda mimi ndiye nilianza, sitaki kubishana juu ya hilo. Ikawa Jumamosi haipiti bila mtangazaji kusoma, "Mfikishie salamu Mama Hajachoka wa Msowero, mwambie nyanya zake zinafika mpaka Mikumi na mimi nazila," na mimi najibu, "Mwambie Baba Spana akaze nati vizuri asije akaachia tairi njiani," watu wanacheka huko na huko, na mimi dada yangu nacheka mpaka machozi. Nilikuwa naacha shamba mapema, naoga, navaa kitenge safi, halafu nakaa na redio kama vile redio ina macho, mtu mzima mimi, na sikuona aibu kwa kuwa tangu mume wangu afariki hakuna aliyekuwa akiniuliza nimeamkaje. Namba za simu hatukupeana, sheria ya kipindi ilikuwa namba hazisomwi hewani.

Basi redio wakabadilisha mambo ya mwisho wa wiki, salamu wakazifuta, Jumamosi na Jumapili wakawapa wenye kulipia vipindi, na sasa ukiwasha asubuhi kuna tabibu wa mitishamba anayetibu kuanzia kiuno mpaka kesi ya shamba, akitoka yeye anaingia wa magodoro, akitoka wa magodoro anaingia nabii, wote wanapaza sauti ileile, ukichelewa kuwasha hujui kama unachoahidiwa ni godoro au ni mbingu. Mimi nikajua Baba Spana ndiyo basi tena. Loo, Jumamosi moja alasiri nimekaa namenya vitunguu namsikia kwa sauti yake mwenyewe, si ya kusomewa, sauti nzito nzuri, amelipia kipindi chake anakiita Tairi na Maisha, anafundisha madereva habari za upepo na viraka, halafu katikati anasema, "Tairi likikaa stoo bila kutumika nalo linazeeka, Mama Hajachoka wa Msowero, nadhani unanielewa." Kisu kikanidondoka. Jumamosi ya pili yake akatamka waziwazi kwamba anataka kunioa, na kwamba nimjibu kwa ile namba ya kipindi inayotajwa mwishoni.

Nikamjibu. Nilimpa Happyness aandike kwa sababu simu yangu herufi zimefutika, akaandika huku anacheka, kwamba Mama Hajachoka amesikia, hajakataa, aje tuonane. Jumamosi inayofuata nakaa na kitenge changu, namsikia anasema, "Mama Hajachoka, mbona kimya?" Nikatuma tena. Anasema tena kimya changu kinamuumiza. Nikatuma nyingine ndefu zaidi mpaka Happyness akalalamika vidole, na yeye wiki ileile anaulizia hewani kama labda mimi ni mgonjwa! Jumamosi moja mvua imenyesha bonde lote tangu alfajiri, mapaa yanalia, yeye anasema, "Kwa jua hili la leo madereva punguzeni upepo," nikasema huyu mzee ama anakunywa ama ananicheza shere. Kina mama wa kanisani wananiuliza kwa nini namtesa mtu wa watu, Dumila makondakta wakiniona wanapiga kelele "Mjibu Baba Spana!", na shemeji yangu Alfred, mdogo wake marehemu, yeye amekasirika kabisa, anasema, "Shemeji, mwanaume anayeposa redioni bila mshenga ameposa bonde zima, akienda mwanamke mwingine kwake akisema yeye ndiye Mama Hajachoka utamshtaki wapi?"

Lililonimaliza ni la wifi yangu Rebeka. Alikuwa anarudi kutoka kwa mwanawe Iringa siku ya Jumamosi, basi likasimama Mikumi, akaona kibao kimeandikwa Baba Spana na chini yake mzee mwenye mvi kidogo yuko chini ya lori anakaza nati, na wakati huohuo redio ya dereva inatoa sauti ya Baba Spana anaongea na mimi! Kabla hajateremka basi likaondoka. Sasa niambie, anayeniposa ni nani, yule wa chini ya lori au yule wa redioni? Rebeka anasema amekodi mtu mwenye sauti nzuri. Na Jumamosi iliyopita huyo wa redioni katangaza kwamba kipindi kijacho ndicho cha mwisho, hana uwezo wa kulipia tena, na kama nimenyamaza basi amejua simtaki na hatalitaja jina langu tena. Dada, nilizima redio nikalia. Je, nimsahau, au niende Mikumi nikamtukane mbele ya malori yake, maana sijui lipi litanipoza roho?

Ni mimi, Mama Hajachoka, ingawa kwa kweli nimeanza kuchoka.

JIBU

Mama Hajachoka, salamu zako nimezipokea, nani mkubwa kati yetu tutapatana siku tukionana. Barua yako nimeirukisha mbele ya za wenzako ili itoke kabla ya Jumamosi, kwa hiyo wanaosubiri kushauriwa habari za wakwe zao wanivumilie.

Nimecheka, sikufichi. Halafu nikasoma pale ulipozima redio ukalia, nikaacha kucheka.

Sasa nisikilize. Kabla sijaja gazetini nilifanya kazi redioni, na vipindi hivi vya kulipia navijua vinavyopikwa. Mteja haji studio Jumamosi. Anakuja katikati ya wiki, anawekwa mbele ya kipaza sauti, anasema yake yote, anarekodiwa na kurudi kwenye shughuli zake. Jumamosi studio anakuwepo kijana mmoja wa zamu, anabonyeza kinatoka, basi. Ndiyo maana Baba Spana alikusifia jua siku ya mvua, siku aliyorekodi jua lilikuwepo. Ndiyo maana Rebeka alimwona chini ya lori huku anaongea hewani. Hakukodi sauti ya mtu. Wa chini ya lori ni yeye na wa redioni ni yeye, tofauti ni kwamba wa redioni alisema maneno yake siku kadhaa nyuma.

Na ile namba ya kipindi, mama yangu, si yake. Ni ya redio. Nilipokuwa kule simu ya namna hiyo ilikuwa inakaa kwenye droo ya watu wa matangazo ya biashara, mwisho wa wiki ofisi hiyo imefungwa, na Jumatatu hakuna anayekumbuka kuitazama. Enzi za salamu kulikuwa na mtangazaji aliyekaa na simu mkononi anasoma. Mtangazaji ameondoka na salamu zake, wewe umeendelea kutuma kana kwamba bado yupo. Ujumbe wako wote, kazi ya vidole vya Happyness, nina hakika umelala humo. Huyo mwanaume hajakucheza shere. Anaamini kabisa kwamba amekataliwa na mwanamke anayempenda, na anakataliwa kila wiki kwa kulipia.

Hapo nimemaliza kukuonea huruma, sasa nakugombeza. Unauza nyanya Dumila, malori yanapumzika mbele ya meza yako, wenye malori hao ndio wateja wa matairi, na hukuwahi kumwambia dereva hata mmoja, "Ukifika Mikumi mwambie fundi nimemsikia"? Rebeka amekuletea habari kwamba kibao kipo na mtu yupo, wewe ukachukua habari hiyo ukaitengenezea njama! Umezoea kuzungumza naye kupitia redio mpaka umesahau kwamba ana miguu na wewe una nauli. Na yeye namgombeza pia, kama analisoma gazeti hili baada ya kufungia spana. Mzee mzima unataja upepo wa matairi ya mbele na ya nyuma, namba yako mwenyewe ya simu umeshindwa kuitaja?

Shemeji yako Alfred msikilize. Anasema kwa hasira lakini anasema kweli, tena anakulinda. Maneno ya redioni ni mazuri kuchekea, lakini hayajamfikisha mtu yeyote mlangoni kwako, na wewe ni mama wa watu una wakubwa wako. Kuoa kuna mshenga, kuna barua ya posa, kuna watu wa kukaa na kuulizana. Hilo usimwachie Baba Spana hata akikuimbia.

Unafanya hivi. Jumamosi usikae na redio. Mchukue Rebeka, asubuhi na mapema pandeni gari la Kilosa, pale muunganishe la Mikumi. Usiende peke yako, na matusi yako yaache Msowero. Mkifika msikimbilie kibaoni, kaeni kwanza kwa mama lishe wa jirani, mle, na Rebeka amwulize taratibu huyu fundi ni mtu wa namna gani na nyumbani kwake anapikiwa na nani. Mama lishe wa barabarani anajua kuliko redio yote. Mkisikia kuna mke, maliza chakula chako, lipa, rudini nyumbani, na utakuwa umepona kwa bei ya nauli. Lia ukifika kwako.

Mkisikia ni mgane kweli, nenda ukasimame pale kwenye matairi umwambie jina lako la redioni. Si zaidi. Mweleze habari za simu ya kwenye droo, mpe namba yako, mpe na ya Alfred, na mwambie kama bado anakutaka alete mshenga Msowero. Usimpe jibu siku hiyo hata akipiga magoti kwenye oili. Amengoja wiki zote hizo akidhani humtaki, hawezi kushindwa kungoja mshenga wake arudi na jibu zuri.

Jambo moja zaidi, usije ukashtuka. Kipindi chake cha mwisho nacho kitakuwa kimesharekodiwa. Saa yake ikifika, kama mtu mwenyewe ni wa kweli, atakuwa amewapa viti wewe na Rebeka, mikono yake ina grisi hajui aiweke wapi, na redio ya gereji itakuwa inasema kwa sauti yake kwamba Mama Hajachoka hakumjibu na hatalitaja jina lake tena. Msiizime. Mwacheni alalamike mpaka mwisho, kipindi amelipia mwenyewe.