Waya wa Shaba Kwenye Plagi ya Sensa

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, mimi kaka yako. Hujambo wewe na wote wa nyumbani kwako? Mgongo wako unaendeleaje, na ile kazi ya umeme wa magari bado unaiweza? Mimi ni mzima. Jicho nililofanyiwa operesheni linaona vizuri, linaona hata yale ambayo watu hawakutaka liyaone, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Mwandiko utakushangaza. Siku zote barua zangu anaziandika shemeji yako, mimi nasema yeye anaandika, na majibu yako ananisomea yeye. Hii naiandika mwenyewe, nimekaa kwenye kibanda changu cha geti hapa kiwanda cha mbao, na herufi zikipanda na kushuka zivumilie. Shule niliiacha mapema, lakini malori niliyoyaendesha mimi hakuna mwalimu angeyatoa hata hapo geti.

Gari langu unalijua. Mtaa mzima hakuna gari la umri ule linalong'aa kama lile, na hapa sijisifu, waulize majirani. Unajua pia kwamba haliguswi na mtu. Kazini nakwenda kwa miguu, gari linabaki nyumbani, ufunguo unaning'inia kwenye msumari juu ya kitanda. Asubuhi nasoma kilomita kwenye dashibodi kabla ya kutoka, jioni nikirudi nasoma tena. Siandiki popote, kichwa changu kinatosha. Miaka yote hiyo namba hazijawahi kunikosea, nami nikajiona mtu mwenye nyumba iliyonyooka.

Sasa wiki iliyopita nilikwenda kujaza mafuta, mara mshale wa spidi ukalala chini. Gari linakimbia, mshale unasema limesimama. Na gia zikaanza kupiga teke, kila zikibadilika shingo inakwenda mbele. Sikuhitaji kompyuta ya mtu. Nikajua ni ile sensa ya mwendo kwenye giaboksi, ile inayoliambia gari linakimbia kiasi gani. Mama muuza spea akanipa mpya, akanishauri nitafute fundi kwa sababu magari ya automatiki yana visirani. Nikamwambia mama, fundi ndiye unayeongea naye. Akasema haya, basi fundi na avae miwani. Watu dukani wakacheka, na mimi nikacheka.

Jumamosi nikafungua boneti pale uani. Nikatoa betri, nikatoa boksi la hewa, maana mkono wangu mnene haupiti pembeni yake. Hapo chini ndipo ilipo sensa, imeshikwa na boliti moja tu. Nikataka kuishika plagi yake, nikasita. Mdogo wangu, kila kitu pale chini kilikuwa na vumbi lililogandana na mafuta, kama mahali popote pasipofikiwa. Plagi peke yake ilikuwa safi. Iling'aa kama kitasa cha mlango wa duka.

Kitu hakiwi hivyo bila kushikwashikwa. Ukiichomoa plagi ile gari linatembea, kwa kurukaruka lakini linatembea, na kilomita hazisogei hata moja. Kumbe kuna mtu alikuwa anatoka na gari langu, akirudi anaichomeka, mpaka waya wa ndani ya sensa umechoka na kukatika. Na mimi kila jioni nasoma namba zilezile, najipongeza.

Nikamfikiria jirani. Nikamfikiria hata mlinzi mwenzangu wa geti, Mungu anisamehe. Kisha nikainama vizuri. Ulimi wa plagi ulikuwa umevunjika, na mahali pake pamewekwa kitanzi cha waya wa shaba cha kuvisha na kuvua. Ncha za waya zilikuwa zimekunjwa kwa ndani, zimefichwa chini ya mizunguko ili zisichome vidole. Unamkumbuka marehemu bosi wetu wa gereji? Alikuwa akitugonga vidole kwa bisibisi mpaka tukunje namna ile. Katika gereji ile tumebaki hai wawili. Mimi waya ule sikuufunga.

Nilikaa chini kwenye saruji.

Lakini kazi haiachwi njiani. Nikafungua boliti, nikaizungusha sensa polepole ikatoka, nikafuta tundu lake, nikaweka mpya. Plagi nikaifunga kwa kitanzi chako kilekile, sikuwa na kingine, na kikashika barabara. Hilo nalo liliniuma.

Shemeji yako alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo. Nikamwendea na ile sensa mbovu mkononi. Kabla sijafungua mdomo akaiona, akaniuliza kama ule mpira wa duara wa sensa mpya nimeupaka mafuta kwanza, kwa sababu ukiingia mkavu unakatika. Halafu akaisikia sauti yake mwenyewe. Shati langu likamponyoka, likaanguka chini.

Mke wangu, mdogo wangu! Mtu ambaye nilidhani hajui boneti inafunguliwa upande gani! Akaniambia yote amesimama palepale. Kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kuendesha na kuichomoa plagi, siku zile ulipokuja kuniuguza. Mimi nimelala ndani macho yote yamefungwa bendeji, nasikia gari langu linawashwa, nauliza, unanijibu dirishani kwamba unachaji betri. Nikakushukuru. Watu waliokuja kunitazama niliwaambia ndugu ni huyu. Ulinisikia nikisema.

Nikamwuliza shemeji yako alikuwa akienda wapi. Akasema kwa binti yetu.

Unajua nilivyosema mtoto yule alipoolewa na yule kinyozi bila ridhaa yangu. Nilisema mbele yenu wote kwamba gurudumu la gari langu halitakanyaga uani kwao, na kwamba jina lake lisitajwe nyumbani kwangu. Sijafuta. Lakini shemeji yako akasema binti alijifungua vibaya, akalala kitandani muda mrefu, na yeye mama mtu goti lake haliwezi kwenda kule kwa miguu. Akasema kabla ya operesheni yangu aliniomba nimpeleke kwa mgonjwa, nikamwuliza mgonjwa gani, na aliponyamaza nikaongeza sauti ya redio. Ni kweli niliongeza.

Mtoto ni wa kiume. Sasa anatambaa, na masikio yake yamesimama kama yangu. Anatambaa, mdogo wangu! Amezaliwa, amekaa, ameota meno, na mimi babu yake habari nimepewa na plagi. Na wewe umempakata. Jioni ile uliponiinamia kurekebisha mto nilikuambia unanukia poda ya mtoto. Ukacheka, ukasema ni sabuni ya shemeji.

Mimi nilisema asitajwe. Sikusema nidanganywe. Mke amenizunguka, lakini yeye ni mama, na mama namwelewa hata nikimnunia. Wewe ulikuwa na sababu gani? Tumelala mkeka mmoja tangu utoto, tumekula ngumi za bosi mmoja. Ungekuja kitandani ukaniambia kaka, umepata mjukuu. Ningefoka, ndiyo, ningekufukuza. Halafu ningekuita.

Sasa nikuambie neno ambalo nyumbani sijalisema. Gari likishatengenezwa lazima lijaribiwe. Nikalitoa. Gia zinaingia laini kama siagi, mshale unapanda na kushuka, kazi ya mwanaume. Nikaendelea tu mbele kuzijaribu, na zikanifikisha kwa kinyozi. Gurudumu halikukanyaga uani, nilisimama barabarani nje ya fensi. Mlangoni palikuwa na mtoto mdogo anavuta kandambili ya baba yake. Akaniangalia. Masikio ni yangu, hakuna wa kubisha. Kinyozi akatoka na taulo begani, akanisalimia kwa adabu, akaniomba nishuke. Nikamwambia najaribu giaboksi. Nikarudi kinyumenyume mpaka kona.

Nilipomaliza kuoga nikamkuta shemeji yako amekaa kwenye kiti cha dereva, anasoma kilomita. Alifunga mlango wa gari taratibu, kama ninavyopenda ufungwe, akaenda kuinjika chai.

Nisalimie wanao na mama yao, waambie baba yao mkubwa hana neno nao. Wewe salamu nilizokupa pale mwanzo zinatosha. Ila nijibu, na barua iletwe hapa kiwandani, uandike kwa herufi kubwa ili niisome mwenyewe. Usijitetee. Niandikie jina la mtoto. Shemeji yako siwezi kumwuliza.

Ni mimi kaka yako mkubwa,
ambaye bado hajakusamehe.