Risasi Gani Inamtosha Ndugu wa Kilo Tisini na Tano?

Mpendwa Shangazi Phelista,

Naomba unisaidie haraka kwa sababu nimekwama na hapa nyumbani hakuna wa kuniambia ukweli. Mimi ni mkulima wa mahindi na viazi karibu na Kitale, nina mke na watoto watatu, kanisani naaminiwa, na sasa naomba leseni ya bastola ya kujilinda, kihalali kabisa, fomu nimejaza karibu yote, imebaki tu kuamua nichukue bastola ya risasi ya ukubwa gani, na hapo ndipo akili imeganda.

Wengine wananiambia milimita tisa ndiyo kila mtu anabeba na risasi zake hazisumbui kupatikana, wengine wanasema nukta tatu nane ni ndogo na inakaa vizuri chini ya shati, lakini mzee Kemboi, ambaye alikuwa askari na sasa tunakunywa naye chai kila siku kwa mkahawa, anashikilia nukta arobaini na tano, ati, "Bana, Ngige ni kilo tisini na tano, hiyo ndogo si utamkasirisha tu?" Na shida yangu nyingine ni hali ya hewa, kwa sababu hapa Kitale na baridi yetu naweza kuvaa koti na hata hiyo kubwa ikalala kiunoni bila mtu kujua, lakini kila Jumatatu napeleka viazi Bungoma, na kule na hilo joto mwanamume akivaa koti wanamuuliza kama ana malaria, sasa sijui ninunue ya Kitale ama ya Bungoma.

Labda utauliza Ngige ni nani. Ni mdogo wangu, tumbo moja. Marehemu baba alitugawia shamba, na katikati akapanda itoka, yale maua meupe yenye mzizi kama kitunguu ambayo sisi watu wa kutoka Nyeri tunaweka mpakani, na akatuapisha kwamba atakayeyang'oa ataona mabaya maishani. Sasa mwezi wa tatu nilikuwa Bungoma na viazi, nikampigia simu mtu wa trekta anaitwa Tonny alime upande wangu kabla mvua haijashika, na niliporudi nikakuta itoka zimesonga hatua nne nzima kuja kwangu, na majirani wanasema walimwona Ngige mchana kweupe ameshika jembe anazipanda. Nilipomuuliza akaanza kusema mambo ya trekta, sikutaka kusikiliza, tukapandishiana sauti, akaniambia mbele ya watu, "Tutaona nani atavuna." Shangazi, hicho si kitisho cha kuniua? Na huyo Tonny tangu siku hiyo hashiki simu yangu, nafikiri hata yeye anamwogopa Ngige.

Mke wangu Nasambu ameenda kwao Misikhu na watoto. Aliondoka akisema, "Wewe endelea kupima risasi. Ukimaliza kumpima ndugu yako, utanipima mimi?" Nampenda na nataka arudi, lakini pia siwezi kulala kwa hofu. Basi naomba uniambie tu: ni risasi gani?

Aliyekwama, Kitale

*

Ndugu Uliyekwama,

Pole kwa hofu. Hofu ya mtu wa damu yako ni mbaya kuliko ya mwizi, kwa sababu mwizi hujui hata jina lake, ila huyu mmelala kitanda kimoja mkiwa wadogo. Hiyo pole naitoa kwa moyo wangu wote. Sasa nivumilie, maana pole imeishia hapo.

Nianze na hii bastola ya siri. Siri yenyewe inajulikana na Kemboi, na wateja wote wa mkahawa, na mkeo, na bila shaka wakwe zako wote wa Misikhu, na leo tumeongeza wasomaji wa gazeti hili. Mtu pekee ambaye hujamwambia ni Ngige, na nakuhakikishia ameshaambiwa. Kwa hiyo usijisumbue na koti. Nenda Bungoma umevaa shati lako la mikono mifupi, uuze viazi kwa amani.

Umeniuliza swali, nami sikwepi maswali. Milimita tisa inabebwa na wengi kwa sababu haimrukii mkononi sana anayefyatua, na inabeba risasi nyingi. Nukta tatu nane ya kuzungusha ni rahisi kuitumia na haijai kiunoni. Arobaini na tano ni nzito, inarusha mkono, na inabeba chache. Hayo ndiyo Kemboi angekuambia kama angeacha kumpima mdogo wako kwa macho kama ng'ombe wa mnada. Na zote hizo, kubwa kwa ndogo, zinatosha kumuua ndugu. Hata nukta mbili mbili ambayo mmeidharau kwenye chai inaweza. Hakuna iliyotengenezwa ikiwa ndogo mno kwa kazi hiyo, kwa hiyo lala ukijua kwamba huwezi kukosea kuchagua.

Lakini barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimemtafuta mwizi. Simwoni. Mkulima anayetaka kujilinda na wezi huwa hajui kilo zao. Wewe unazijua. Hutafuti bastola ya kujilinda, unamtafutia Ngige, na nafikiri umeniandikia ukitumaini kuna mtu atakwambia basi. Basi!

Sasa turudi shambani. Nani aliita trekta? Wewe. Ulikuwa wapi likilima? Bungoma. Nani aliyelionyesha mpaka? Hakuna, labda ulitegemea Tonny azaliwe na ramani ya baba yenu kichwani. Umewahi kuona trekta linaheshimu maua? Mimi niliyekulia kwenye mashamba hayo hayo sijaona. Na dereva aliyeharibu kitu cha watu hashiki simu, hiyo huhitaji askari mstaafu kukufafanulia. Tena majirani hawakusema walimwona Ngige aking'oa. Walimwona akipanda, mchana, na jembe, mbele ya macho yao. Mwizi wa mpaka hafanyi hivyo. Anayefanya hivyo ni mtoto aliyeapishwa, akakuta itoka za baba zimelala juu ya udongo zikikauka, akaogopa laana kuliko alivyokuogopa wewe, akazirudisha kwa kukisia. Akajaribu kukueleza habari ya trekta, nawe ukapandisha sauti. Ama labda, akiwa anakisia, alijikisia vizuri kidogo. Inawezekana, wanadamu tuko hivyo. Mpima ardhi atajua. Risasi haitajua.

Na hilo neno la kutisha, "tutaona nani atavuna", linasemwa Trans-Nzoia nzima kila msimu, hata na wake kwa waume wao. Kama lingekuwa la kuua, mahindi yangeozea shambani nchi nzima.

Fanya hivi. Fomu usiipeleke, ichane leo. Mtafute Tonny kwa simu ya mtu mwingine, umwambie humdai chochote ila ukweli, aje aonyeshe alipopitisha jembe lake. Nenda kwa chifu, muitishe mpima ardhi wa serikali aje na ramani, achimbe alama za mpaka zilizozikwa ardhini, na siku hiyo nyinyi wawili msimame pale pamoja, wewe na Ngige, msikubali mmoja awakilishwe na majirani. Mpaka ukirudi ulipokuwa, ipandeni itoka wote wawili kwa mikono yenu. Ukibaki ulipo, umeze uchungu wako. Chai ya Kemboi iache kwa muda, ana vita vyake ambavyo havijaisha na anatafuta wa kumpigania. Misikhu nenda ukishamaliza hayo, si kabla, maana Nasambu hajakukimbia wewe. Amekimbia hiyo barua uliyoniandikia, iliyokuwa ikitembea humo ndani ya nyumba.

Lakini kabla ya chifu, kabla ya Tonny, nenda kwa mdogo wako mwenyewe, kwa miguu. Mwambie trekta ulilileta wewe na hukumsikiliza. Ni maneno machache na yatakuchoma koo, najua.

Ukiona ni mazito, fikiria ile njia nyepesi, ya risasi. Kwenu mtu huzikwa kwenye shamba lake. Ngige atalazwa hapo, na wewe, ukitoka jela ukiwa mzee wa meno mawili, utaamka kila asubuhi ukitazamana na msalaba wake. Na hutakuwa na mtu wa kumuuliza kama kweli aliiba.

Shangazi Phelista