Daktari wa Barazani

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Mjomba wako wa Kiseke amejaliwa mtoto wa kike, na mimi nipo nipo tu.

Unauliza kwa nini yule daktari wa kwenye skrini, mliyotuletea pale zahanati wewe na wenzako, nilimdanganya kwamba naumwa kichwa.

Nilipokuwa msichana, zahanati ya kisiwani kwetu ilikuwa na redio ya kuongea na daktari aliyeko Mwanza. Nilimsindikiza dada yangu, mjamzito. Redio ilikaa barazani, na baba mkwe wake alikuwa kwenye benchi, anasubiri zamu yake. Daktari akauliza, kwa sauti iliyofika mpaka mwaloni kwenye mitumbwi ya wavuvi, "Mama, unatokwa damu?"

Dada akamtazama mkwewe, akainama. "Hapana, daktari. Ni kichwa tu."

Akapewa vidonge vya kichwa. Tulimzika Jumapili.

Skrini yenu nayo mmeiweka barazani, eti ndiko mtandao unakoshika. Nilikaa mbele yake, na nyuma yangu waume wa mama zako wadogo, wakwe zangu, wamekaa wanasikiliza.

Daktari mmeweza kumleta kutoka mbali kote huko, mjukuu wangu. Mlango wa kufunga ndio umewashinda.

Bibi yako