Papa Athanase Katsuva, Mpima Damu Aliyekataa Kunyamaza

Leo mwaka umetimia, Papa Athanase, tangu moyo wako usimame ukiwa umekaa mlangoni kwetu, Mudzipela. Wengine walitushauri tuandike kwa upole tu. Upole tunao, lakini hasira nayo haijatutoka.

Miaka kumi na tisa ulifanya kazi hospitalini, katika labo, maabara ya damu. Nyumbani ulikunja mashati yako mwenyewe, ulinawa mikono mpaka viwiko kabla ya kugusa chakula, na ulipocheka ulifunika mdomo. Watoto wa jirani walikuita Papa Damu, nawe ukaitika.

Uliyoihangaikia kuliko zote ni damu ya kuoshwa, ya wagonjwa ambao damu ya kawaida inawadhuru. Jemima alikuwa mmoja wao, binti wa Mama Hélène Mbuyi anayeuza samaki wa Tchomia sokoni. Ana ugonjwa wa SS, yaani selimundu, anahitaji kuongezewa damu mara kwa mara, na damu isiyooshwa humvimbisha koo. Ulizichanganya chembe nyekundu na maji ya chumvi, ukazizungusha kwenye mashine, ukamwaga maji, ukarudia mara tatu. Kisha ukapima: je, maji ya mwisho yamebaki na uchafu wa damu ya mwanzo? Je, chembe zimepasuka?

"Kuosha kila mutu ataweza," ulituambia. "Mimi waliniweka pale juu ya kupima."

Dawa ya kupimia ikaisha. Uliwaandikia wakubwa barua tatu. Walikujibu kwa mdomo tu, kwamba barabara ya Komanda ni mbaya, haina usalama. Mwezi huohuo malori ya bia yalipita barabara hiyohiyo mpaka katikati ya Bunia. Amani yetu hii ilitosha kuleta bia!

Ndipo Jemima akaletwa, viganja vimekuwa vyeupe. Mkuu wako akasema, "Osha, tia sinyatire yako kwa karatasi, mutoto iko anakufa." Ukaosha. Ukatazama kwa macho, maji yakaonekana safi, ukaandika kwamba umepima. Hata robo ya mfuko haijaingia, koo la mtoto likavimba. Waganga wakaifunga damu, wakamchoma sindano, akakaa siku nne kwenye oksijeni. Akapona. Mama yake akaambiwa, "Ni mwili wake tu umekataa."

Jumapili ulivaa viatu uende kwake. Mkeo Kavira alikushika shati, akakuita kwa jina la mwanao.

"Papa Zacharie, usiende. Tuko na watoto ine."

"Niliandika nimepima. Sikupima, Kavira."

Ulimweleza Mama Hélène yote, umesimama. Akauliza, "Na zile siku ingine, ulipima?"

"Zote, mama."

"Basi uende useme ivi mbele ya wakubwa wako. Miye nitakusindikiza."

Mkaenda pamoja. Ulikiri kosa lako, ukataja barua tatu, ukataja aliyekuamuru. Wakakusimamisha kazi weye peke yako. Walisema barua hizo hazimo kwenye faili. Miezi minane ulikaa mlangoni, presha ikipanda, ukingoja waite jina lako. Hawakuliita.

Siku ya mazishi ndipo walipokumbuka jina! Walileta shada kubwa limeandikwa "Mtumishi wetu mwaminifu." Binti yako Séphora hakulia. Alilibeba kwa miguu mpaka kwenye lango la hospitali yao, akaliweka chini, akarudi tukaendelea kukuzika.

Baada ya wiki mbili dawa ya kupimia ilifika. Mkuu wako alitoa hotuba, akapigiwa makofi. Leo kila mfuko unapimwa, na kwa hilo tunashukuru. Lakini tunataka ile barua ya kukusimamisha ifutwe. Zile barua tatu ulizibakizia nakala, ziko kwetu. Anayesema hazikuandikwa abishe hodi, tutamsomea.

Na siye tulikukosea, Papa. Ulipotaka kusema kweli tulikuambia nyamaza, na usiku huo ulikula peke yako. Utusamehe.

Tunaokukumbuka: mkeo Kavira; watoto wako Zacharie, Séphora, Marcellin na Bernadette; ndugu yako Nicolas wa Nyankunde; na wakwe zako wote wa Butembo.

Daima utakuwa moyoni mwetu, na sasa tunasema kwa sauti.