Mkono wa Kushoto wa Nassir

Gazi, 14 Februari 2024

Nassir,

Wewe una miguu au huna? Miezi minane hujakanyaga kizingiti changu, na mara ya mwisho ulipokikanyaga uliondoka kabla hatujaanua tanga, wali wa watu ukauacha kwenye sahani. Hata paka wa Twaiba akikasirika hurudi siku ya tatu.

Assalamu alaykum. Salamu imekuja nyuma ya ugomvi, ipokee hivyo hivyo. Mimi mzima, ila goti la kulia na jicho la kushoto yamekubaliana kunitesa kwa zamu. Wewe je? Unakula? Unasali?

Simu nikikupigia inalia mpaka inachoka. Kwa hiyo nimemketisha Twaiba fundi cherehani hapa barazani, mimi nasema yeye anaandika. Simu utaikata. Barua utaisoma hata ukiwa umenuna, kwa kuwa utataka kujua nimesema nini. Ataileta Munyoki wa basi, akupe mkononi.

Munyoki ndiye aliyenipa habari. Alikwenda kukutazama ukicheza tenisi huko Nairobi Jumapili moja. Anasema ulisimama kupiga mpira wa kuanzia, ukaurusha, ukaudaka. Ukaurusha tena, ukaudaka tena. Watu wakaanza kucheka. Ulipoupiga ukaingia wavuni, na wa pili ukaufuata wa kwanza. Anasema ulifanya hivyo mchezo mzima.

Wewe? Aliyekufundisha ni Boga mwenyewe, babu yako. Miaka thelathini na moja alifagia uwanja wa tenisi wa hoteli pale Diani, akachora mistari kwa chokaa, akaokota mipira ya wageni, na kabla wageni hawajaamka akakusimamisha wewe, na meno ya mbele huna, akakufundisha kuinua mkono. Mkono ule umekwenda wapi?

Najua umenikasirikia. Babu yako alikufa Ijumaa saa tatu asubuhi. Wewe mechi yako ilikuwa saa nne. Tukamzika baada ya sala ya Ijumaa, na mimi nikakupigia simu saa kumi, udongo umekwisha kukauka. Sikatai. Lakini hilo ni baina yangu na wewe. Mpira umekukosea nini?

Jibu.

Nyanya yako,
Mwanapili


Nairobi, 6 Machi 2024

Shikamoo Nyanya,

Nimeipata barua. Mimi ni mzima wa mwili. Nasali. Kula nakula nikikumbuka. Pole na goti na jicho. Jicho usilitie dawa ya majani, nenda likatazamwe Msambweni.

Aliyosema Munyoki ni kweli, na hakukwambia yote. Siku hizi hata watoto wa klabu wakiniona nasimama kuanza mpira wanasukumana. Mwalimu wetu, Kitheka, amenipa mpaka mwezi wa nane. Kutakuwa na mechi ya kuchagua timu ya klabu. Nikiipata nafasi, nitasafiri kucheza. Nikiikosa, nimekwisha, nina miaka ishirini na sita na nyuma yangu kuna vijana wa miaka kumi na saba.

Kitheka amejaribu kila kitu. Magoti, bega, namna ya kushika raketi. Anasema kosa liko kwenye mkono wa kushoto, ule unaorusha mpira. Kila mara mpira unapanda mahali pengine.

Naomba unikumbushe Babu alikuwa akisema nini kuhusu mkono huo. Nilikuwa mdogo na nimesahau. Siulizi kingine.

Mjukuu wako,
Nassir


Gazi, 22 Machi 2024

Marahaba, mume wangu,

Ramadhani karimu. Nasema nikiwa na swaumu na Twaiba anaandika akiwa na swaumu, kwa hiyo usitegemee maneno matamu. Goti limepoa kidogo. Jicho nimelipeleka Msambweni, daktari akalimulika, akaniuliza nina miaka mingapi. Nikamwambia ahesabu mwenyewe.

Mkono huo si wa babu yako. Ni wangu. Hilo hakukwambia, wanaume wako hivyo.

Nilikuwa bibi harusi wa mwaka mmoja, natwanga mahindi uani. Yeye karudi kutoka hotelini kanuna. Mgeni mmoja alikosa mtu wa kucheza naye, akampa raketi, na Boga kila akirusha mpira unakwenda kombo, mgeni akacheka. Basi akakaa kwenye kigoda ananitazama. Unajua mwanamke anayejua kutwanga huupandisha mchi, akauachia huko juu, akapiga kofi, kisha akaudaka ukishuka. Akaniuliza, "Mbona hauyumbi?"

Nikamwambia hauyumbi kwa sababu siurushi. Ukiurusha utakupasua kichwa. Mkono unapanda nao pole pole, umenyooka, kiwiko kimelala, na ukifika usawa wa macho vidole vinafunguka vyote kwa pamoja. Kidole kimoja kikichelewa, mchi unazunguka. Ukishauachia, mkono usiushushe. Uache juu, kama unamwonyesha mtu paa linapovuja. Ukiushusha mapema, bega linaanguka nao na kifua kinakunjika.

Akasimama palepale akachukua ndimu. Alirusha ndimu mpaka magharibi. Nikamwita mwendawazimu.

Na ungo, umeusahau pia? Alikuwa akiuweka chini, mbele kidogo ya mguu wako wa kushoto. Unauachia mpira lakini huupigi, unaungoja uanguke. Ukiingia kwenye ungo, mkono ni mzima. Ukianguka nje, mkono unadanganya. Mara hamsini, ndipo unapewa raketi. Ulikuwa ukilia, ukaulalia ungo wangu ukauvunja ukingo. Upo bado, nimeuning'iniza jikoni na ukingo wake uliovunjika.

Ule uwanja usiutamani. Hoteli imefungwa, majani yameota kwenye nyufa, na wavu nimeuona Ukunda umezungushiwa kuku.

Idd uje. Nitapika mahamri. Sitasema neno usilotaka kusikia.

Nyanya yako,
Mwanapili


Nairobi, 19 Aprili 2024

Shikamoo Nyanya,

Idd imepita na sikuja. Nilifika mpaka stendi na begi. Basi likajaa likaondoka, nikarudi nilipotoka. Sitakutafutia uongo.

Nimenunua ungo. Mama aliyeniuzia aliniuliza kama naoa. Nimeuweka uwanjani, wenzangu wamecheka wiki nzima, sasa wawili wanauomba. Nikiwa peke yangu, mipira arobaini na minane katika hamsini inaanguka ndani. Vidole vinafunguka kama ulivyosema. Kitheka alitazama, akatikisa kichwa, akasema nimuulize nyanya kama anatafuta kazi.

Lakini mechi ikianza, mtu akisimama ng'ambo ya wavu, vidole vinakataa. Kitheka anasema kosa haliko mkononi, niende nikalitafute kwingine.

Nimelitafuta, Nyanya. Ili kupiga mpira wa kuanzia lazima uinue uso utazame juu. Kila nikitazama juu naiona asubuhi ile. Ilikuwa saa nne, na mbingu ilikuwa nyeupe, na mimi nilirusha mpira nikicheka na mtu, na Babu alikuwa amekwisha kufa saa nzima. Nilishindwa mechi ile pia. Hata hilo hatukulipata.

Nataka kujua kitu kimoja, na naomba kweli. Babu aliniulizia? Nikijua hakuniulizia, nafikiri nitapumzika.

Mjukuu wako,
Nassir


Gazi, 3 Mei 2024

Nassir, mwanangu,

Nakusalimu na sikuulizi hali, kwa kuwa najua baada ya barua hii itakuwaje. Mvua zimeanza. Jicho la kushoto limefunga, halioni tena.

Ningekwambia hakukuulizia, ungepumzika. Nimelala na neno hilo siku sita. Lakini nilikwisha kusema uongo mmoja katika jambo hili na umetufikisha hapa.

Alikuulizia.

Alhamisi baada ya alasiri pumzi yake ilibadilika. Nimeuguza baba yangu na mama yangu, naijua pumzi ile. Basi la jioni lilikuwa halijaondoka Nairobi. Ningekupigia, ungepanda, asubuhi ungekuwa hapa. Simu nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la leso. Sikuifungua.

Akaniuliza, "Nassir yuko wapi?"

Nikamwambia, "Yuko njiani."

Baada ya magharibi akauliza tena, nikasema yuko njiani. Alfajiri akaniambia niuache mlango wazi, usije ukabisha hodi na mimi sikusikii. Nikauacha wazi. Ulikaa wazi mpaka saa tatu.

Twaiba ameacha kalamu. Nimemwambia aishike, kazi haijaisha.

Wanaume waliniuliza kama wakungoje. Hata wao niliwaambia uko njiani, lakini wazike, maiti haiwekwi. Wakaenda kuzika huku wakiangalia barabara.

Unataka kujua kwa nini. Miaka thelathini na moja nimemwona mume wangu akiinama kuokota mipira ya watu. Nilitaka Ijumaa moja mtu wa nyumba hii asimame wima na mwingine amwinamie. Nilijiambia ukishinda utakuja na ushindi, atausikia, labda utamwinua. Nilijiambia atangoja. Mimi ndiye niliyeamua, hakuna aliyenituma, na wewe sikukuuliza. Hilo ndilo kosa langu na silipunguzi.

Sasa unajua. Ukitaka kuichana barua hii ichane, ila kula kwanza.

Nyanya yako,
Mwanapili


Gazi, 15 Julai 2024

Nassir,

Hujambo? Mimi sijambo, nasema hivyo kwa desturi.

Munyoki ameapa kwamba barua ya mwezi wa tano alikupa mkononi na akakuona ukiifungua. Basi simlaumu tena. Twaiba akipita asubuhi hatazami usoni mwangu kwanza, anatazama mikono yangu kama nimeshika karatasi.

Sina jipya. Nimeandikisha tu uone kwamba bado nipo mahali pale pale.

Nyanya yako


Nairobi, 25 Agosti 2024

Shikamoo Nyanya,

Natumai umeamka vizuri. Nisamehe kwa kimya. Sikuwa na neno ambalo ningeweza kulisema kwa mdomo, sembuse kuliandika.

Barua yako sikuichana. Wiki ya kwanza niliitia chini ya godoro. Nikawa nakwenda uwanjani kupiga mipira kwa hasira mpaka Kitheka akaninyang'anya raketi.

Mechi ya kuchagua timu ilikuwa jana. Nilicheza na kijana wa miaka kumi na saba, mrefu, mpole, ananiita kaka. Kabla ya mpira wa kwanza niliinua uso. Mbingu ilikuwa nyeupe vilevile. Nikauona mlango ule, umefunguliwa. Mkono ukapanda, vidole vikafunguka vyote, na mkono ukabaki juu. Mpira ulisimama pale hewani mahali pake kabisa, Nyanya. Nikaupiga, naye hakuugusa.

Katika seti zote tatu hakuna mara hata moja mipira yangu miwili ya kuanzia ilipotea kwa pamoja.

Nilishindwa. Seti ya tatu, saba kwa sita. Miguu yake ni mipya, yangu si mipya. Kitheka alinishika bega akasema mpira wa kuanzia kama ule hajauona klabuni, na kwamba nafasi ni ya kijana. Mimi nitafundisha watoto jioni. Leo nimewaanzisha kwa ungo.

Sijakusamehe. Nakwambia ili nisiwe na maneno mawili nawe. Zamani hasira sikujua niitupe wapi, ikakaa mkononi. Sasa najua ni yako, na mkono umepona. Lakini hasira ipo.

Labda nitakuja Maulidi. Siahidi.

Mjukuu wako,
Nassir


Gazi, 6 Septemba 2024

Marahaba, Nassir,

Twaiba amenisomea barua yako mara tatu. Mara ya tatu nilimzuia pale mpira unaposimama hewani, nikamwambia arudie hapo tu.

Pole kwa kushindwa. Sitakwambia si kitu. Ni kitu. Babu yako angekaa kwenye kigoda siku mbili bila kusema, kisha angekuuliza yule kijana anarushaje.

Msamaha sikuombi kwa karatasi, na kwa mdomo wa Twaiba siwezi. Hasira yako iweke, ni haki yako, ila usije ukaila badala ya chakula. Jicho la kulia nalo linaanza. Watu wakisimama mlangoni sasa nawajua kwa nyayo. Zako sijui kama nitazijua, zitakuwa zimebadilika.

Ukija, Maulidi au siku yoyote, usianzie kwangu. Usinunue mkate, usibebe kitu. Ukishuka, pita nyuma ya msikiti uende makaburini. Lake ni la tatu ukiupita ule mti wa mkilifi, lina jiwe jeupe kichwani. Simama hapo, mpe salamu, umwambie kwa sauti kwamba umefika. Mimi nilimwambia uko njiani, na kila Ijumaa nikimwombea dua sijathubutu kumwambia kingine.

Kisha uje nyumbani. Usibishe hodi, mlango utaukuta wazi.

Nyanya yako,
Mwanapili